Mstari wa "Nyumbani"

Maneno ya wazee wa chama, yaliyosomwa katika sherehe ya miaka 63 ya Uhuru, Don Mills, Desemba 2024



Aliyesimama mbele yenu ni msomaji tu. Maneno haya ni yetu sote, wazee kumi na wawili, tuliyoyaandika kwa vikao vitatu jikoni kwa mmoja wetu. Kila sentensi ilibishaniwa. Mahali mtakaposikia maneno yamepinda kidogo, jueni hapo hatukuelewana, tukaona afadhali tuendelee kabla chai haijapoa.

Kwa kawaida siku kama ya leo tunazungumza juu ya tarehe 9 Desemba 1961, mwenge juu ya Kilimanjaro, na Mwalimu. Mwaka huu tumeomba ruhusa tuzungumze juu ya matumizi ya nyumba: kodi, sukari, simu, sabuni. Sababu yake ni sanduku la biskuti.

Mwezi wa Agosti mwenzetu mmoja alikuwa anahama kutoka nyumba aliyoinunua mwaka 1979. Binti yake, ambaye sasa ana miaka 55, alikuja kumsaidia kufunga vitu. Chini ya kabati la jikoni akakuta sanduku la bati, lile la biskuti za Krismasi, na ndani yake madaftari 11 ya matumizi, yameandikwa kwa Kiswahili kwa mwandiko wa mama yake, kuanzia Novemba 1974. Akaketi sakafuni akasoma. Siku ile hakikufungwa kitu kingine. Jioni akamwendea mama yake na daftari la mwaka 1982, kidole chake kikiwa kwenye mstari mmoja, akasema: "Mama, mbona mliniambia hatuna?"

Mstari huo tutaufikia. Kwanza tuseme kwamba habari hiyo ilipotufikia, kila mmoja wetu alirudi kwake akapekua. Nyumba tatu nyingine zilikutwa na kumbukumbu: daftari la muuguzi aliyekuja mwaka 1988, bahasha za mzee mmoja wa Unguja zilizojaa risiti, na kitabu cha hesabu cha fundi mmoja ambaye hata senti alizookota barabarani aliziandika kama mapato. Tukaviweka vyote mezani. Tulidhani tutacheka jioni moja. Tulikaa vikao vitatu.

Sisi hatukuja pamoja wala kwa sababu moja. Baadhi yetu tulifunga safari baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo, iliyowafanya watu waamke ni wapangaji katika nyumba walizozijenga wenyewe. Wengine tulifuata ndugu waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90. Wengine tulikuja kusoma miaka ya themanini tukasahau kurudi. Wengine tulitoka Unguja na Pemba baadaye, kwa mambo ambayo leo hatutayagusa kwa sababu kuna keki. Waliotoka miaka ya sabini walikuta fedha za kigeni zimedhibitiwa, huwezi kutoka na zako. Hivyo aliyekuwa na duka na aliyekuwa karani wake walishuka uwanja wa ndege wa Toronto wakiwa sawasawa.

Wengi walianzia Flemingdon Park, maghorofa yale yaliyo kusini mwa hapa, upande wa pili wa Eglinton. Ukurasa wa kwanza wa daftari la mwenzetu unasema hivi:

"Novemba 1974. Mishahara miwili: 610. Kodi ya fleti, vyumba viwili: 195. Chakula: 92. Basi: 24. Makoti ya baridi manne, Honest Ed's: 58. Viatu vya theluji: 31. Nyumbani: 40."

Wajukuu wawili waliokuwa wakitusikiliza walidhani "Nyumbani" ni sabuni ya vyombo na karatasi za chooni za ile fleti. Hapana. Nyumbani ilikuwa Tanga. Katika madaftari mengine ilikuwa Moshi, au Kariakoo, au Ng'ambo. Wala hatukupatana, tena wengine hatukuwa hata tumejuana, lakini vitabu vyote vinne vimetumia neno hilo moja. Pale kilipokuwa kitanda chetu palikuwa "hapa" tu.

Dola 40 za wakati huo, kwa bei ya benki, zilifika karibu shilingi 280. Zilikwenda kwa hundi ya benki ndani ya barua ya rejista, na jibu lilirudi baada ya wiki tano au sita. Mwezi mzima unaishi hujui kama bibi amepata.

Kuhusu chakula tungeweza kukesha. Unga wa sembe haukuonekana, ugali ukapikwa kwa semolina, ukawa kama gundi. Tui la nazi lilikamuliwa kutoka nazi kavu ya pakiti iliyokusudiwa keki. Bizari, iliki na dengu zilifuatwa mtaa wa Gerrard siku ya Jumapili kwa basi mbili, na watoto waliovumilia safari walipewa jalebi. Leo mihogo iliyogandishwa na kisamvu vinapatikana umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka ukumbi huu. Tunafurahi. Lakini mama mmoja katika sisi anasema kisamvu chenyewe kimepoteza kitu tangu kiache kutafutwa, na tumemwahidi kwamba sentensi yake itasomwa.

Sasa hesabu. Katika sisi yumo mwalimu wa hesabu wa zamani, na alikataa katakata tulinganishe dola za mwaka ule na dola za mwaka huu. Alisema dola ni kama kibaba kilichotobolewa chini, kila mwaka kinashika kidogo zaidi. Akataka tulinganishe saa za kazi. Mwaka 1976 kima cha chini cha mshahara hapa Ontario kilikuwa dola 2.65 kwa saa, na wengi wetu tulikipata hicho hicho. Oktoba 2024 kilifika dola 17.20.

Mwaka 1977 mwenzetu alinunua televisheni ya rangi kwa dola 500. Ni saa 189 za kazi, zaidi ya mwezi mzima kiwandani. Iliwekewa kitambaa cha kufuma juu, na watoto wa ghorofa nzima walikuja kuitazama. Leo televisheni kubwa kuliko ile inapatikana kwa dola 300, saa 17 na kidogo. Mwaka 1976 simu ya dakika tatu kwenda Tanga iliandikwa dola 12, saa nne na nusu za kazi, na dakika ya kwanza iliishia katika "Haloo? Haloo? Unanisikia?" Leo mnapiga bure, tena na sura mnaonana, na bado mnasema hamna muda.

Hapo tulikuwa tumeanza kuwacheka vijana. Mwalimu akageuza karatasi.

Mwaka 1976 ile fleti ya vyumba viwili ilikuwa dola 210. Saa 79 za kima cha chini. Mtu mmoja alifanya kazi wiki mbili akawa amelipa kodi ya vyumba viwili, jiko na veranda. Mjukuu wa mmoja wetu anapanga hapa hapa, si mbali na maduka ya Don Mills, chumba kimoja, kwa dola 2,300. Ni saa 134. Mtu wa kima cha chini akifanya kazi wiki tatu na siku kadhaa, amelipia chumba, bado hajala, na serikali haijakata chake.

Kimya kilikuwa kirefu kidogo pale mezani.

Yuko Mjerumani mmoja wa takwimu, Ernst Engel, aliyeandika mwaka 1857 kwamba kadiri kaya inavyopata zaidi, ndivyo sehemu ya pato inayokwenda kwenye chakula inavyopungua. Vitabu vyetu vinamkubali. Huko Tanzania chakula bado kimeshika sehemu kubwa kuliko kitu kingine katika matumizi ya kaya za kawaida. Hapa kwetu kilishuka mwaka hadi mwaka. Tulitarajia kilichookolewa kwenye chakula kingetuachia nafasi ya kupumua. Paa ndilo lililokimeza.

Turudi kwenye daftari la 1982.

Mwaka 1979 mwenzetu na mumewe, Mungu amrehemu, walinunua nyumba ya kuungana, kwa mkopo ambao malipo yake yalikuwa dola 478 kwa mwezi. Mkataba wa riba ulikwisha Septemba 1981. Vijana mnaolalamikia riba ya miaka hii miwili, na mna haki, sikilizeni: mwezi huo riba za mikopo ya nyumba Kanada zilikuwa zimepita asilimia 20. Malipo yakaruka kutoka 478 hadi 796. Kwenye daftari kuna namba hiyo, na chini yake mistari miwili ya kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Na nyumbani je? Miaka hiyo hiyo Tanzania ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, hazina haina kitu, mafuta ghali, mvua mbaya. Maduka ya RTC yalikuwa na rafu na wauzaji, bidhaa hazipo. Barua zilizokuwa zikianza na nusu ukurasa wa salamu zikaanza kufika kwenye shida kwa haraka: sabuni hakuna, dawa ya meno hakuna, betri za redio, sindano za cherehani, kitambaa cha sare. Kutuma pesa hakukusaidia sana, maana benki ilibadilisha dola ya Marekani kwa shilingi tisa na ushee, na hizo shilingi hazikuwa na cha kununua. Kwa hiyo tulituma vifurushi. Kila mmoja wetu hapa anaweza kukwambia mpaka leo uzito wa mche wa sabuni.

Ukurasa wenyewe unasomeka hivi:

"Mei 1982. Nyumba: 796. Chakula: 131. Umeme: 38. Safari ya shule Ottawa: 85, hapana. Nyumbani, kifurushi, sabuni 12, dawa ya meno 6, betri, blanketi 1, dawa ya pumu ya Bibi, pamoja na posta: 94."

Mistari miwili inafuatana. Binti alikuwa darasa la nane, umri wa miaka 13. Darasa zima lilikwenda Ottawa kuona Bunge siku tatu, na yeye na wenzake wawili waliachwa shuleni wakapangishwa vitabu vya maktaba. Aliambiwa hatuna. Aliamini kwa miaka 42 kwamba hatukuwa nazo, na anasema hakuwahi kuona uchungu kwa hilo, umaskini si kosa la mtu. Uchungu aliuona mwezi wa Agosti, sakafuni, alipogundua kwamba zilikuwepo.

Na kuna jambo jingine ambalo tulibishana sana kama tulisome. Miaka hiyo serikali ya Kanada ilikuwa inawatumia kina mama hundi ya watoto kila mwezi. Kuanzia mwaka 1974 ilikuwa wastani wa dola 20 kwa mtoto mmoja, na iliendelea kuja mpaka ilipofutwa mwisho wa mwaka 1992 ikaja mipango mingine. Hundi ilikuja kwa jina la mama. Ilikuwa pesa pekee ambayo baadhi ya kina mama wetu waliishika wenyewe. Tukilinganisha tarehe katika vitabu, mara nyingi "Nyumbani" imeandikwa siku ya pili au ya tatu baada ya hundi kufika. Tuseme wazi basi. Wengi wetu pesa zilizoandikiwa watoto wetu tuliwapelekea mama zetu.

Wengine kati yetu walisema hakuna haja ya kuomba radhi, mama ni mama, na hao watoto hawakulala njaa hata siku moja. Wengine walisema radhi inafaa. Hatukukubaliana, na hapa ndipo sentensi ilipopinda.

Mwenzetu alimjibu binti yake hivi, na ametupa ruhusa tuseme: "Ningekwambia tunazo lakini si zako, ungenielewa?" Binti akasema angeelewa. Mama akasema, "Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ulikuwa unalia kwa sababu ya nywele." Wakanyamaza. Halafu binti akauliza kama Bibi aliipata ile dawa.

Aliipata. Kifurushi kilifika Septemba, kimefunguliwa na kufungwa tena, sabuni zimebaki tisa. Bibi aligawa nane kwa majirani na ya tisa akaiweka ndani ya sanduku lake katikati ya kanga, kwa ajili ya harufu. Alipofariki mwaka 1991 waliikuta bado ina karatasi yake. Binti huyu hakuwahi kumwona bibi yake. Alikuwa anasikia tu jina lake likitajwa kwenye simu za kelele.

Mwaka uliofuata barua ilisema tusitume sabuni nyingi kwa mkupuo. Ilikuwa mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu akikutwa na katoni alitakiwa aeleze ilikotoka. Watu walitupa mali usiku. Tukatuma miche miwili miwili. Kisha mwaka 1984 watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, maduka yakaanza kujaa taratibu, na sabuni ikatoweka kwenye madaftari yetu.

Baada ya hapo mstari wa "Nyumbani" unabadilika sura, na tutapita haraka. Kitabu cha muuguzi kimejaa ada: majina ya wapwa sita, kila Januari. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa mwaka 2016. Kwenye kitabu chake unaona pale mzigo ulipopungua, ingawa ilibaki sare, madaftari na nauli. Bahasha za mzee wa Unguja zina kadi za simu za dola tano, mamia, zile za kukwaruza namba. Alizihifadhi zote, na tulipomwuliza kwa nini alisema ni risiti za mazungumzo. Mwaka 2003 alitumia pesa nyingi zaidi kuzungumza na nyumbani kuliko alizotuma.

Kisha kuna saruji na bati. Watano kati yetu tulijenga nyumbani kwa kutuma pesa. Nyumba mbili zilisimama. Mmoja wetu alitumiwa picha ya msingi ule ule mara tatu, imepigwa kutoka pembe tatu tofauti. Hatuna la kuongeza.

Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, na miaka michache baadaye tukaweza kutuma kutoka hapa moja kwa moja mpaka kwenye simu ya mtu. Ni jambo jema kuliko yote tuliyoyataja. Dawa ya pumu leo ingepatikana mchana huo huo. Lakini hapo ndipo madaftari yanapoishia. Dola 30 ya msiba, 20 ya kitchen party, 50 ya mgonjwa, 25 ya harusi ya mtoto wa mtu usiyemkumbuka vizuri, kikundi cha familia kinalia mfukoni na wewe uko kwenye foleni ya maziwa. Unabonyeza, imekwenda. Mwalimu wa hesabu alijaribu kujumlisha alizotuma mwaka jana kutoka kwenye simu yake. Alipata jumla, akaitazama, akaomba isisomwe mbele ya mkewe.

Tunafika kwa vijana. Lazima tukiri tulikuja na mashtaka. Mzee mmoja alileta orodha: kahawa ya kununua kila asubuhi, chakula kinacholetwa mlangoni na mtu wa baiskeli, simu ya zaidi ya dola elfu, filamu za kulipia kila mwezi. Alitaka tusome orodha yote hapa na kuuliza pesa za "Nyumbani" ziko wapi.

Mjukuu aliyekuwa akitusikiliza, yule wa chumba cha dola 2,300, alifungua hesabu zake mwenyewe akatupa tutazame. Kahawa yake ilikuwa dola 70 kwa mwezi. Mwalimu akachukua kalamu. Fleti ya dola 600,000, na hapa Don Mills hiyo si ya kifahari, malipo ya awali ya chini kabisa kwa sheria ya Kanada ni dola 35,000. Gawanya kwa 70. Ni miezi 500. Yaani kijana aache kahawa kabisa, asionje hata moja, na baada ya miaka 41 na miezi minane atakuwa na malipo ya awali, ikiwa bei itakuwa imemsubiri.

Mzee mwenye orodha akaikunja akaitia mfukoni. Hakuitupa, tuseme ukweli.

Sisi tulipotuma dola 40 mwaka 1974, kodi ilikuwa imechukua chini ya theluthi ya mapato. Mjukuu huyu kodi inamchukua zaidi ya nusu, na katika hesabu zake tulikuta dola 40 kila mwezi kwa binamu yake anayesomea ualimu Morogoro. Hakumwambia mtu. Tulipomwuliza kwa nini alificha, alisema aliogopa ndugu wengine wakijua wataomba, na yeye atalazimika kusema hana.

Hilo neno "hana" tulilijua linakotoka.

Kwa hiyo tunaleta jambo mbele ya chama. Kwenye mkutano wa Januari kuna pendekezo la vijana kuhusu mfuko wa kufiwa: mchango wa mwaka kwa walio chini ya miaka 35 upungue kutoka dola 240 hadi 120, na mfuko uruhusiwe kulipia mazishi ya hapa kwa kiwango kile kile cha kusafirisha mwili. Wengi wetu tulikusudia kulipinga. Mfuko huu tuliuanzisha baada ya kuchanga kwa kofia, mlango kwa mlango Flemingdon Park, ili mwenzetu aliyefia hapa mwezi wa Februari asizikwe na watu asiowajua. Hakuna aliyewaza wakati ule kwamba mtu angezikwa Kanada kwa hiari yake. Lakini katika kitabu cha fundi, mwaka 2019, kuna mstari: "Kaburi, mawili, mimi na mama watoto, nusu imelipwa." Yaliko hayo makaburi ni nusu saa kwa gari kutoka hapa. Hakuyaandika chini ya "Nyumbani", wala hakuyaandika chini ya kitu kingine. Yamekaa peke yake pembezoni mwa ukurasa.

Tutalipigia kura ya ndiyo, wote kumi na wawili, pamoja na mwenye orodha. Tofauti itakayopungua kwenye mfuko, wazee tumekubaliana tutaifidia wenyewe kwa miaka mitatu ya kwanza. Mhazini anayo karatasi yenye sahihi zetu. Yule asiyesikia vizuri alitia sahihi mara mbili, naomba mhazini asimtoze mara mbili.

Nanyi watoto tunawaomba kazi. Madaftari yanachakaa na wino wa mwaka 1974 unafifia. Yule binti amejitolea kuyanakili kwenye kompyuta, lakini Kiswahili chake, anasema mwenyewe, ni cha jikoni, na mwandiko wa mama yake ni wa shule ya masista. Anahitaji wasomaji. Kuanzia Januari, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, humu humu ukumbini. Mzee mmoja na mtoto mmoja kwa kila daftari. Zamani Jumamosi kama hizo tungewapeleka Ontario Science Centre hapo chini barabarani, lakini ilifungwa Juni 2024, kwa hiyo hamna kisingizio.

Mwezi wa Oktoba binti na mama yake walipanda treni wakaenda Ottawa. Walikaa siku tatu. Mama ameanza daftari jipya, la 12, na ukurasa wa kwanza una mistari miwili: "Ottawa, treni, watu wawili, amelipa mtoto. Chai ya treni, 3.25, ya moto lakini haina ladha."

Madaftari yako kwenye meza ile karibu na mlango, yote 11, pamoja na kitabu cha fundi, cha muuguzi na bahasha za kadi za simu. La mwaka 1982 limefunguliwa kwenye ukurasa wake. Mnaruhusiwa kufunua na kusoma, ila tafadhali, futeni mikono kwanza. Sambusa zimeiva, na tunaona kina mama wa jikoni wanatuonyesha saa.